Wafuaji wa Sufu wa Ghuba Namba Nne

Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maji, Bwana Mimun Mwenyekiti wa Baraza pamoja na wajumbe wako, wahandisi mliotoka mjini, walimu wangu, wazee wa Ait Umlil na wa vijiji vyote vinavyolizunguka bwawa hili la Tiwerdin, baba zangu mlioketi kwenye viti, na mama zangu mlioketi kwenye mikeka kule nyuma ambako turubai halikufika: asalamu alaikum.

Mama zangu nimewataja mwisho, nao mnisamehe. Kwenye orodha niliyopewa hamkuwemo kabisa. Hapo nimeongeza mwenyewe.

Jina langu ni Tuda, binti Haddu. Nina miaka kumi na minane, na wiki mbili zilizopita jina langu lilibandikwa kwenye ukuta wa shule pamoja na majina ya waliofaulu mtihani wa mwisho. Bwana Mwenyekiti alikuja nyumbani kutupongeza, akanywa chai, akasema vijana wa bwawa hili hawana budi kuwa na msemaji siku ya ufunguzi, na msemaji huyo ni mimi. Akanipa ukurasa mmoja uliochapwa vizuri. Akaniambia, "Dakika tatu, binti yangu, na usisahau kutabasamu."

Walimu wangu walioko hapa wanajua kwamba kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kunyoosha mkono darasani. Nilikuwa nasubiri kuulizwa, na nikiulizwa nilijibu kwa sauti ambayo mwalimu alilazimika kuinama ili aisikie. Kwa hiyo namwomba kijana anayeshughulikia kipaza sauti anisaidie kukisogeza karibu. Asante. Na ule ukurasa uliochapwa vizuri ninao hapa, Bwana Mwenyekiti, nitakurudishia ukiwa msafi kama ulivyonipa, kwa sababu sitausoma.

Nianze kwa sifa, maana sifa zipo na anayestahili asinyimwe. Bwawa hili lilijengwa kabla sijazaliwa. Wahandisi walichagua mahali ambapo milima inaishia na tambarare haijaanza, wakaziba korongo, na mto uliokuwa ukikimbia ukasimama. Kwa miaka thelathini sasa maji haya yanashuka kwa bomba hadi mjini, na kila mtu wa mjini anayefungua bomba asubuhi akanawa uso, ananawa maji tunayoyaona sisi kutoka madirishani mwetu. Tunajivunia hilo. Nimewahi kumsikia bibi yangu akimkemea mtoto aliyetema mate ukingoni: "Wewe, kuna mtu atatia hayo kwenye chai yake."

Na leo tunafungua Kituo cha Mapumziko cha Tiwerdin. Kuna mashua za kukanyaga kwa miguu, kuna mitumbwi ya plastiki ya rangi ya chungwa, kuna mahema, kuna mkahawa wenye viti vya kuegemea. Nani atapinga jambo hilo? Vijana wetu watapata kazi bila kwenda kulala kwenye vyumba vya watu sita mjini. Watoto wa mjini watajua kwamba maji hayazaliwi ndani ya bomba. Nami nikipata nafasi nitakaa kwenye mtumbwi wa plastiki kama mgeni yeyote. Sina neno na mashua, sina neno na mahema.

Neno langu ni uzio.

Uzio ule pale, mpya, unaong'aa, unaoanza kwenye mkahawa na kuishia kwenye mwamba, umefunga ghuba ambayo kwenye ramani ya kituo inaitwa Ghuba Namba Nne. Una lango moja. Juu ya lango kuna kibao kinachosema kwamba kuanzia leo hakuna kuingia bila tiketi, hakuna kuchunga, na hakuna kufua. Sisi ghuba ile hatujawahi kuiita namba. Tunaiita Imi n'Tadut, yaani mlango wa sufu, na kila Jumanne ya mwezi wa Julai, kondoo wakishanyolewa, wanawake wa Ait Umlil hushuka pale na sufu ya mwaka mzima.

Naona Mheshimiwa Mkurugenzi ameinua kidole. Nadhani najua swali lake, maana ndilo swali ambalo kila mtu wa maji angeliuliza: je, kufua sufu kwenye maji ya kunywa si uchafu? Mheshimiwa, ni swali la haki, na naomba nilijibu, kwa sababu tangu ramani zianze kuchorwa hakuna aliyekuja kutuuliza.

Sisi hatufui ndani ya bwawa. Tunachota. Sufu yenye mafuta na kinyesi na miiba inalowekwa kwenye mashimo yaliyo hatua ishirini juu ya ukingo, na badala ya sabuni ya dukani tunatia mzizi unaochimbwa mlimani, ule unaotoa povu ukipondwa. Tunaikanyaga kwa miguu. Maji ya kwanza, ya pili na ya tatu yanabebwa kwa ndoo yakipanda, siyo yakishuka, na yanamwagwa kwenye milozi. Ndiyo maana milozi ya pale inazaa kuliko yote, na ndiyo maana migongo ya mama zetu iko jinsi ilivyo. Sufu inapokuwa imetakata kabisa, hapo tu ndipo inatiwa kwenye vikapu na kusuuzwa bwawani, nasi tukiwa tumesimama na maji kiunoni. Sheria hiyo hatukuandikiwa na ofisi. Mwaka bwawa lilipojaa, bibi yangu Yamna, aliyekuwa bado kijana, aliwaambia wenzake kwamba tangu sasa kuna watu wanakunywa kutoka hapa, na mtu hamwoshei mgeni miguu kwenye birika la chai. Mheshimiwa, nenda kapime maji ya ghuba yetu, halafu kapime pale ilipoegeshwa mashua ya injini iliyowaleta waandishi asubuhi hii. Uangalie ni wapi pana rangi ya upinde wa mvua juu ya maji.

Naomba msipige makofi bado. Mkipiga makofi napoteza mstari.

Pale kwenye ghuba ndipo mimi nilipojifunza kuogelea. Wasichana wote wa Ait Umlil wamejifunza pale, wakielea juu ya kiriba, ngozi ya mbuzi iliyopulizwa na kufungwa shingoni kwa kamba. Kaka zetu wanaogelea popote. Sisi tuna mahali pamoja tu ambapo mwamba unatukinga na barabara, na siku moja kwa wiki, kwa wiki nne za mwaka. Siku nne. Zinahitaji uzio?

Sasa nataka kuwasimulia jambo lililotokea pale Julai ya mwaka jana. Bibi amenipa ruhusa ya kulisimulia lote isipokuwa mambo mawili. Nitawaambia nikifika.

Ilikuwa Jumanne ya pili, karibu na adhuhuri. Tulikuwa wanawake thelathini na mmoja. Akaja mwanamume peke yake kwenye mtumbwi mdogo, akiwa na uzi wa kupimia kina wenye kipande cha risasi nchani, akiushusha majini na kuupandisha na kuandika kwenye daftari. Alituona. Alituona kiasi cha kutupungia mkono, nasi kwa adabu tukamgeuzia migongo, maana tulikuwa tumepandisha nguo zetu hadi magotini. Jaketi la kuokolea alikuwa amelivua, amelikalia kama mto, kwa sababu ya joto. Mnaoishi hapa mnajua kinachotoka kwenye korongo saa ile. Upepo ukateremka, na tulipogeuka mtumbwi ulikuwa umelala kifudifudi, na jaketi linakwenda zake.

Alipiga kelele kwa Kifaransa kwanza. Kisha kwa Kiarabu. Kichwa kilipozama mara ya pili na kuibuka, alimwita mama yake, na alimwita kwa lugha yetu ya milimani. Bibi Yamna akasema, "Huyu ni mtoto wa watu," na kabla hajamaliza shangazi yangu Zayda alikuwa tayari ananirushia kiriba, anasema, "Tuda, wewe ndiye mwepesi, nenda."

Nilikwenda. Sisemi hivyo ili nisifiwe, maana nilikuwa naogopa kuliko yeye, na sikufanya lolote zaidi ya kumfikishia kitu cha kushika. Mtu anayezama anakuwa na nguvu za ng'ombe, alinivuta mimi na kiriba chini pamoja. Waliotutoa ni wale thelathini waliobaki. Walifunganisha mikanda yao ya sufu, ile mirefu wanayojifunga viunoni, mmoja kwa mwingine, Shangazi akashika ncha akaingia hadi maji yalipomfika kidevuni, na wote nyuma yake wakavuta kama wanavuta gogo. Hiyo ndiyo timu ya uokoaji ya bwawa la Tiwerdin. Nimeona kwenye kitabu cha leo ukurasa wa tano kwamba kituo kitaunda nyingine. Hongereni.

Alitapika maji, akatetemeka, akalia kidogo. Nguo zake zilikuwa zimemtoka nyingi. Wanawake walifumba macho wakamfunika. Na hapa ndipo lilipo jambo la kwanza nililokatazwa: tulimfunika na kitu kikavu kimoja kilichokuwepo, na kitu hicho sitakitaja. Na nyinyi mnaocheka kule kwenye mikeka, Shangazi, nakuona, naomba muache, mliniahidi.

Bibi akamuuliza kama amekula. Wakampa chai ya mnanaa na mkate wa shayiri wenye siagi, wakamkaushia viatu kwenye mawe. Aliposimama ili aondoke, alisema maneno haya, nami nilikuwa karibu:

"Mama zangu, mimi nina kazi, nina watu walio chini yangu. Nawaombeni, hili lisisikike."

Bibi akamwangalia. "Lisisikike nini, mwanangu? Kwani kuna kilichotokea?"

Hilo likawa neno letu tulilompa. Mtu aliyekuwa uchi mikononi mwetu tumemsitiri, na kumsitiri hakuishii kwenye nguo. Kuanzia siku ile hakuna mume aliyeambiwa, hakuna jirani aliyeambiwa. Baba yangu amelisikia kwa mara ya kwanza asubuhi ya leo. Wanawake thelathini na mmoja, mwaka mzima, kimya. Wanaume mnaopenda kusema kwamba mwanamke hawezi kuweka siri, tafadhali lirekebisheni hilo mkifika nyumbani.

Mwezi wa Februari, Baraza lilibandika ripoti ya mradi kwenye ubao wake, kwa Kifaransa, kurasa tisa. Shangazi alinishika nikitoka shuleni, akasema niwasomee. Tukasimama pale kwenye baridi, wanawake sita au saba na mimi, nikawa natafsiri mstari kwa mstari. Ghuba Namba Moja, inafaa kwa mahema. Ghuba Namba Mbili, ina matope. Tatu, ni ya ndege. Nikafika Namba Nne. Nitaisema kama ilivyoandikwa, kwa sababu nimeikariri bila kutaka: "Katika ziara zote za upimaji, hakuna shughuli yoyote ya binadamu iliyoonekana katika ghuba hii. Haitumiki. Inapendekezwa izungushiwe uzio kwa ajili ya gati na mkahawa."

Shangazi Zayda akasema, "Hakuna binadamu? Kumbe sisi ni bata."

Wakacheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshuka chini ya ukurasa, mahali penye sahihi za wapimaji wote, na juu ya sahihi palikuwa na picha zao ndogo, kama wanavyoweka siku hizi, na sura moja niliijua. Bibi akauliza, "Nani kaandika hayo?" Nikaweka kiganja changu juu ya zile picha. Nikasema, "Imechapwa tu, Bibi, haina mtu." Sikuwahi kumdanganya bibi yangu kabla ya siku hiyo.

Ndiyo, ndugu zangu. Mmoja wa walioandika kwamba hapana mtu ndiye huyohuyo tuliyemtoa.

Nimejiuliza kwa nini, na nimejaribu kumfikiria kwa wema. Sidhani kama alikuwa na ubaya na sisi. Nadhani alikaa mezani kwake, kalamu mkononi, akajua kwamba akiandika "niliona wanawake thelathini na mmoja wanafua sufu", mkubwa wake atamuuliza aliwaona lini, na kwa karibu kiasi gani, na mtumbwi wa ofisi ulipotelea wapi. Basi akaona rahisi zaidi asituone. Aibu ya mtu mmoja ilikuwa nzito kuliko kazi ya kijiji kizima. Na sisi tulimsaidia kuibeba, tena kwa moyo safi, bila kujua kwamba ndani ya mzigo ule tulikuwemo wenyewe.

Mama zangu walikwenda kwa Bwana Mwenyekiti. Bwana Mwenyekiti, nasema mbele yako ili ukanushe kama nakosea. Uliwapokea vizuri, ukawapa viti. Ukawaambia: "Mama zangu, mimi nawaamini, lakini karatasi inasema hamko. Leteni ushahidi. Nileteeni mtu mmoja, asiwe wa kijiji chenu, mtu wa kuaminika, aliyewaona pale kwa macho yake."

Waliinuka. Wakakushukuru, wakaondoka. Uliniambia baadaye kwamba ulidhani wamekosa shahidi. Hawakukosa. Walikuwa naye, tena bora kuliko yeyote ungeweza kumtaka, na walikuwa wamempa neno. Wakachagua neno. Wakarudi nyumbani wakaona nguzo za uzio zinachimbiwa.

Je, mlijua hilo? Mlipokuwa mnapita na magari mkiwaona wamekaa kando ya barabara wanatazama mafundi wakivuta waya, mkasema hawa watu wa mlimani hawajali, hata kulalamika hawalalamiki, mlijua kwamba kila mmoja wao alikuwa na sentensi moja mdomoni ambayo ingesimamisha kazi ile siku hiyohiyo?

Alhamisi iliyopita walikutana kwetu, kuulizana nifanye nini na nafasi hii niliyopewa. Hapo ndipo nilipomkiria Bibi kuhusu kiganja changu. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kwenye picha amenenepa. Shangazi Zayda alitaka nitaje kila kitu, jina, cheo na kile kitu cha kufunikia, kwa sababu, alisema, "Huyo bwana tumemfunika mwaka mzima. Hata kondoo ananyolewa." Mama yangu alisema nisiseme lolote, maana kazi ya kulinda lango lile wamempa baba yangu. Ni kweli. Ufunguo uko mfukoni mwake sasa hivi. Kila neno ninalosema hapa linaweza kumtoa kazini, naye ana miaka minne hajapata kazi ya kudumu. Asubuhi ya leo, nilipomweleza, alikuwa anapiga viatu rangi, akaendelea kupiga rangi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Lango ni kazi yangu. Ulimi ni wako."

Aliyekata shauri alikuwa Bibi. Aliwasikiliza wote, akasema hivi, na mimi leo nimekuja kuyasema haya tu, mengine yote ni maelezo:

"Tuliahidi kumsitiri yeye. Hatukuahidi kujificha sisi."

Kwa hiyo jambo la pili nililokatazwa ni jina, na sitalitaja. Sitasema kama ameketi mbele au nyuma, kama amekuja au hakuja. Bwana Mwenyekiti, naona unaonyesha saa. Dakika tatu zimepita zamani, najua. Unaweza kuzima kipaza sauti, nitapaza sauti yangu. Haijawahi kupazwa, kwa hiyo iko mpya.

Nakusemesha wewe sasa, uliyekunywa chai yetu. Usishtuke, sitakutazama. Siri yako iko salama leo kama ilivyokuwa jana, na itakuwa salama kesho hata ukikataa ninachokuomba. Hatukutishii. Hatukudai shukrani, wala hatutaki zawadi, wala usituletee picha ya pamoja. Tunataka sentensi moja ifutwe na nyingine iandikwe. Huna haja ya kuandika kwamba ulizama. Huna haja ya kuandika ulivaa nini wakati wa kurudi. Andika tu: "Ghuba Namba Nne inatumika. Nimewaona." Maneno matano. Mtoto wa darasa la pili anayaandika akiwa anatafuna mkate.

Na kwenu, waheshimiwa, kwa sababu karatasi inasema hatuko na Baraza linataka ushahidi, naomba kitu kimoja kifanyike sasa hivi. Mama zangu, naomba msimame. Wote mliofua Imi n'Tadut. Najua hampendi. Hata mimi sipendi kusimama, na tazameni nilipo. Bibi Yamna, usitafute fimbo, shika bega la Shangazi. Hivyo. Na nyinyi wa mwisho kule, simameni, ukanda mmoja mliuvuta wote.

Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba mgeuze viti. Wako nyuma yenu. Wahesabuni. Tulikuwa thelathini na mmoja, mmoja amefariki mwezi wa Machi, Mungu amrehemu, na wa thelathini na moja ni mimi. Mkipata ishirini na tisa, hesabu ni sahihi. Wana mikono, kama mnavyoona, na mikono ile ina alama ya mzizi wa povu ambayo haitoki. Wana majina, na watawaambia mkiwauliza. Ile shughuli ya binadamu isiyoonekana ndiyo hii.

Mtasema mambo ya mradi yameshapita, uzio umeshagharimiwa, ramani imeshachapwa. Sisi hatuwaombi mng'oe kituo. Mkahawa ubaki, mashua zibaki, gati lijengwe kwenye Ghuba Namba Moja ambako kuna kivuli zaidi hata kwa wageni. Uzio wa Namba Nne utoke. Kama hautoki, basi naomba mjue mapema ili msiseme tuliwavizia: keshokutwa ni Jumanne. Kondoo wameshanyolewa. Tutashuka na vikapu, na mizizi, na ndoo, na viriba, wote hawa mnaowaona na mabinti zao, na hatutakuwa na tiketi. Anayetaka kufunga lango atalifunga tukiwa ndani, na ataeleza kwa maandishi amemfungia nani, kwa kuwa ndani hamna mtu.

Tutafanya kazi yetu kama kawaida. Maji machafu yatapanda kwenye milozi, na yaliyo safi yatawafikia walioko mjini. Na wageni wakiwa kwenye mitumbwi yao ya rangi ya chungwa, wakavua majaketi kwa sababu ya joto, na ule upepo ukatoka kwenye korongo, tutawatoa. Hatutauliza walipiga kura wapi wala walisaini nini. Tutawafunika, tutawapa chai, tutawakaushia viatu kwenye mawe. Lakini wakishavaa viatu hivyo, kabla hawajaondoka, safari hii tutawawekea kalamu mkononi, waandike kwamba walitukuta.

Mmenisikiliza muda mrefu kuliko mlivyopanga, na wengine mmenisikiliza mkiwa mmesimama juani. Kwenu nyote, na hasa kwenu mliosimama, asanteni.